Haki za binadamu na biashara: mizani ya Marekani kwa China na Afrika

Mwaka 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria mbili za biashara, zilizopishana kwa muda usiofika miezi mitano. Ya kwanza, ya Mei 18, ni AGOA, iliyoziruhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuuza bidhaa nyingi nchini Marekani bila ya kulipa ushuru wa forodha. Ya pili, ya Oktoba 10, ilifungua njia kwa China kupewa uhusiano wa kawaida wa kibiashara wa kudumu.

Neno "kudumu" ndilo lenye uzito. Nchi ya Kiafrika iliyotaka kunufaika na AGOA ilipaswa isiwe na rekodi ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, wala isitende jambo la kuhujumu usalama wa taifa la Marekani au sera yake ya nje. Kila mwaka rais wa Marekani aliamua nani abaki na nani atolewe. China, ambayo nayo ilikuwa ikijadiliwa mwaka hadi mwaka, ilikuwa ikiondolewa katika utaratibu wa namna hiyo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kufuatia mauaji ya waandamanaji mjini Beijing mwezi Juni 1989, sauti nyingi katika bunge la Marekani zilidai China ibanwe kibiashara. Mei 1993 Bw Clinton aliamuru upendeleo wa kibiashara wa China usiongezwe tena pasipo maendeleo makubwa katika haki za binadamu. Mwaka ulipotimia alikiri kwamba maendeleo hayo hayakupatikana, lakini akayatenganisha mambo hayo mawili. Hoja yake ilikuwa kwamba biashara ingesaidia kuibadili China. Makampuni ya Marekani, yaliyokuwa yakilitazama soko la zaidi ya watu bilioni moja, hayakuhitaji kushawishiwa.

Waliolipa gharama

Kwa Afrika sharti hilo lilitumika kweli. Burundi iliondolewa katika AGOA Januari 2016, baada ya ghasia zilizozuka Rais Pierre Nkurunziza alipowania muhula wa tatu. Ethiopia ikafuata Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray.

Tigray iko kaskazini kabisa mwa Ethiopia. Viwanda vya nguo vilivyotegemea soko la Marekani vilikuwa zaidi Hawassa, mji ulio kusini ya Addis Ababa, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wasichana waliotoka vijijini. Kampuni ya Kimarekani ya PVH, iliyokuwa miongoni mwa wawekezaji wakubwa wa eneo hilo la viwanda, ilitangaza Novemba 2021 kwamba inafunga kiwanda chake huko. Wasichana hao hawakuamuru vita wala hawakuwa na uwezo wa kuvisimamisha.

Uganda iliondolewa Januari 2024, miezi saba baada ya Rais Yoweri Museveni kuidhinisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Huko kishindo kilikuwa kidogo kuliko ilivyodhaniwa, kwani kahawa mbichi, zao lake kuu, wakati huo iliingia Marekani bila ushuru hata nje ya AGOA. Na hapa usalama nao una mahali pake: Uganda ilipeleka wanajeshi Somalia tangu Machi 2007, na lawama kuhusu haki za binadamu zilizotolewa katika miaka iliyofuata hazikuitoa katika orodha hadi wakati huo.

China ilirudi mizanini kwa njia nyingine. Desemba 2021, mwezi mmoja baada ya Ethiopia kuarifiwa kwamba itaondolewa, Rais Joe Biden alitia saini sheria inayozihesabu bidhaa zote za Xinjiang kuwa zimetengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa, mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Oktoba 2022 Marekani ilizuia China kuuziwa chipu za kompyuta za hali ya juu, ikitaja usalama wake. Ni vigumu kuamini kwamba kilio cha Wauighur kingesikika kwa nguvu hiyo kama China isingekuwa imeshageuka mpinzani wa kijeshi na kiteknolojia.

Mapatano ya kusitisha vita vya Tigray yalitiwa saini mjini Pretoria Novemba 2, 2022. Hadi muda wa AGOA ulipokwisha Septemba 30, 2025, Ethiopia ilikuwa bado haijarejeshwa.