Bakteria Aamshaye Kinga: Panya, BCG na Saratani

Makala haya yananuia kueleza jinsi bakteria hafifu anavyoweza kuuchochea mwili upambane na saratani. Mnamo 1959, huko Marekani, Lloyd Old na wenzake waliwaambukiza panya bakteria wa BCG, yule yule wa chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi, kisha wakawapandikiza seli za saratani. Panya hao waliuhimili uvimbe kuliko wale ambao hawakuambukizwa. Ieleweke kuwa bakteria huyu hailengi saratani yenyewe. Huzua kizaazaa tu kinachoziamsha seli za kinga, nazo zikishaamka humgundua adui aliyejificha miongoni mwa jamaa. Kwa maoni yangu, kuiita tiba hii chanjo ni kupotosha kidogo: chanjo humfunza askari sura ya adui mmoja, ilhali hapa anapigiwa mbiu tu. Aidha, uvimbe ukishakuwa mkubwa, mbiu hiyo haifui dafu. Labda ndiyo sababu ilifaa kibofuni. Mwaka 1976, Alvaro Morales aliripoti kutoka Kanada mafanikio ya kutia BCG ndani ya kibofu cha mkojo, na hadi leo hutumiwa baada ya upasuaji ili saratani ambayo haijapenya misuli ya kibofu isirejee.