Safari ndefu ya bati hadi Nakivale

Mkimbizi wa Nakivale, wilayani Isingiro, anayetaka kuondoa turubai na kuezeka kwa bati hulipia faida ya mikono mingi. Kampuni ya Roofings, iliyoanzishwa Uganda mwaka 1994, iliipunguza mikono hiyo kwa kuunganisha hatua za uzalishaji chini ya mmiliki mmoja: hununua bamba nene la chuma, hulikandamiza likawa jembamba, hulipaka zinki, kisha hulikunja kuwa bati.

Hata hivyo, mnyororo huo hauanzii mgodini. Madini ya chuma yamelala Muko, kusini-magharibi mwa Mbarara, ilhali bamba huagizwa ng'ambo, hupelekwa kiwandani Namanve karibu na Kampala, ndipo bati lirudi magharibi kwa lori kupitia Mbarara. Nauli yote humwangukia anayeezeka.