Sakafu ya Chumba cha Muziki: Uzito na Utengano

Mtu anayetenga chumba cha muziki nyumbani mwake kwa kawaida huanza na kuta na madirisha. Sakafu huiacha jinsi alivyoikuta. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo yapasa kuanzia chini. Msomaji asishangae kulikuta jambo hili katika jarida la Kiswahili, kwani chumba cha namna hiyo hutufaa pia sisi tunaorekodi nyimbo na masimulizi ya wazee. Mwandishi wa maneno haya alipoteza saa tatu za masimulizi ya bibi mmoja wa Lubumbashi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini kila jirani alipotwanga mahindi uani, mchi ulisikika katika kanda kuliko sauti ya bibi. Kipaza sauti kilikuwa mezani, meza juu ya sakafu, na sakafu ilikuwa imeungana na saruji ya ua. Bibi huyo sasa ni marehemu.

Lugha yetu inatusaidia kutenganisha mambo mawili: mvumo, ambao hupita hewani, na kishindo, ambacho hupita katika mwili wa nyumba. Hewani sauti husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Katika zege huzidi mita 3000, na hufika mbali. Zulia hupunguza mwangwi na mlio wa viatu, lakini mchi wa jirani halizuii.

Sharti la kwanza ni uzito. Sakafu ya mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, yenye uwazi chini yake, ni ngoma iliyowambwa kwa ubao: ukiigusa huitika. Zege lina uzito wa kilo 2400 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo bamba la unene wa sentimeta 10 huwa na kilo 240 kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo hautikisiki upesi. (Kwa chumba cha ghorofani, asiyemwuliza mhandisi kwanza anahatarisha maisha ya walio chini.)

Hata hivyo uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo waashi hubishana nasi. Bamba zito lililoshikana na kuta hupokea kila kishindo cha kuta. Sharti la pili, basi, ni utengano. Juu ya sakafu ya zamani, iliyosawazishwa vizuri, hutandazwa tabaka la kunepa, kama vile mpira au sufu ya mawe iliyoshindiliwa. Juu yake karatasi ya plastiki, ili uji wa simenti usipenye na kuligandisha. Kisha humwagwa bamba la pili lenye wavu wa chuma ndani. Pembeni kote huachwa nafasi ya sentimeta moja hivi, iliyojazwa kitu laini. Bonge moja tu la zege likiangukia katika nafasi hiyo huwa daraja, na gharama yote imepotea.

Tabaka hilo lichaguliwe kwa hesabu. Likididimia milimita 2.5 chini ya mzigo, bamba litakuwa na mtetemo wake wa asili wa mara 10 hivi kwa sekunde, na litaanza kuzuia mitetemo inayozidi mara 14. Uzi mnene wa gita la besi hutetema mara 41, kwa hiyo tuko salama. Mpira, lakini, huwa mgumu zaidi unapotikiswa kuliko unapolaliwa tu na mzigo. Heri kuacha nafasi ya kukosea.

Zege lifunikwe na kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na vyombo vizito vingoje hadi siku ya 28. Ubao wa pembeni upigiliwe ukutani tu, usiiguse sakafu.