Je, Wajua? Simu ya Bibi

Je, wajua kuwa kile kinundu juu ya namba 5 kwenye simu ya vitufe si urembo? Kidole kikikigusa kinajua kiko katikati, namba nyingine zinafuata. Ndivyo bibi mwenye mtoto wa jicho anavyopiga simu bila kutazama. Simu janja yenye kioo kitupu haimpi msaada huo.

Kioo hicho kinafanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi. Vidole vya uzeeni vikishakauka, mzee atagusa na kugusa, simu kimya. Kwa hiyo ile simu yako ya zamani yenye ufa, unayotaka kumpelekea bibi Mbagala, mpe mtu mwingine.

Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kisidharauliwe. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani.

Je, wajua kuwa masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba? Mlio mwembamba babu hausikii, mwekee mzito. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana tatizo kubwa la kusikia. Ukinunua simu Tandika, usiijaribu ndani ya duka. Toka nayo hadi kwenye daladala, konda akiwa anaita abiria, upigiwe hapo. Usiposikia wewe, babu ndiyo kabisa.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na *150*00# haihitaji simu janja wala bando. Shida ni kwamba menyu haina subira: mzee akitafuta miwani, imeshafungika, anaanza upya. Akikosea namba ya siri mara tatu, akaunti inafungwa. Ndipo anapomtajia kijana wa jirani namba hiyo, na hela ya matumizi inaanza kupungua bila maelezo. Vitufe vikubwa vina thamani kuliko kamera.

Laini mbili? Kwa mzee ni usumbufu. Kila akipiga anaulizwa atumie ipi.

Je, wajua kuwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020? Wengi waliwasajilia wazazi kwa majina yao wenyewe. Laini ya bibi ikipotea, sharti wewe uliyeko Tegeta uende kuirudisha. Piga *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako.

Na simu bandia? Zilizimwa nchi nzima Juni 2016. Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, kisha tuma tarakimu 15 utakazoziona kwenda 15090.

Mwisho, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unawafikia wazee pia, na wao ndio wepesi wa kudhani ni mtoto wao aliyebadili namba. Mwambie bibi apige kwanza namba yako ya siku zote. Namba ya tapeli itume 15040.