Damu ya Kikwit iliyofika mpaka Butembo

Wenye kushuka ndani ya mashimo ya dhahabu wanajua hii: shimo likiporomoka, wa kwanza kufika ni wenzako wa kazi, na neno la kwanza hopitalini ni «Nani atamupa damu?» Hapo simu zinaanza kulia. Mmoja anajificha, mwingine kundi lake la damu halifanani. Na hapa Butembo kama kule Beni tunasikia sauti ingine: «Banganga batauzisha damu yangu.» Juu ya hiyo tukumbushane jambo lililopita mbele ya macho yetu, wakati wa Ebola, na ambalo wengi hawakuelezwa mpaka mwisho.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, magharibi ya inchi yetu. Watu 315 waliugua, na karibu wanne katika kila watano walikufa. Dawa haikuwako. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaza hivi: mtu aliyepona, damu yake imekwisha kujifunza kupigana na huu ugonjwa. Basi wagonjwa 8 wakatiwa damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wa ngambo hawakusadiki. Walisema watu 8 ni kidogo sana, pengine waliponeshwa na matunzo mazuri tu. Kuuliza hivyo haikuwa kosa, lakini swali lilikaa miaka mingi bila jibu.

Miaka 11 kisha ugonjwa, damu ya mmoja wa wale wa Kikwit ilichunguzwa kwa msaada wa wataalamu wa Marekani. Askari wa mwili wake walikuwa wangali wanaitambua Ebola! Wakachaguliwa askari wa namna moja, wenye nguvu kupita wengine, wakazalishwa kwa wingi ndani ya laboratwari. Tufahamiane vizuri: hiyo si damu tena, ni dawa. Waliiita mAb114.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa kwetu, kuanzia Mangina. Mwezi wa Novemba dawa 4 zilianza kulinganishwa Beni, kisha Mangina, Butembo na Katwa. Mwezi wa Pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, lakini kazi haikufa. Mwezi wa Nane matokeo yakatoka: kwa waliopewa mAb114, karibu 65 katika 100 waliishi. Dawa ingine, REGN-EB3, ilifanya vilevile. Kwa ZMapp, ni nusu tu. Na waliokuja mapema, virusi vikiwa bado kidogo, walipewa mAb114 wakapona karibu 90 katika 100. Kumbe mtu wa Kikwit, asiyejua hata njia ya kufika kwetu, alikuwa amesaidia watu tunaopishana nao sokoni.

Damu ya kawaida nayo ina hadithi yake. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901. Mwaka 1914, Brussels, munganga Albert Hustin alitumia chumvi ya sitrati ili damu isigande. Mbele ya hapo, mtoaji na mgonjwa walikaa karibu karibu. Leo pochi moja inaweza kukaa siku 35 ndani ya frigo, umeme ukiwako.

Wanaoogopa hawaogopi bure. Katika miaka ya 1980, Kinshasa, watoto wenye malaria waliambukizwa SIDA kwa damu isiyopimwa. Ndiyo maana kila pochi inapaswa kupimwa SIDA, hepatiti B, hepatiti C na kaswende. Vipimo vinataka wakati, na mtu aliyetolewa chini ya udongo hana wakati. Pochi itakayomuponesha ni ile iliyokuwa tayari jana. Na wanaoitaka zaidi si wachimbaji, ni watoto wenu waliomalizwa damu na malaria, na mama wanaovuja damu wakati wa kuzaa.

Juu ya kuuzisha: damu inatolewa bure. Familia ikiombwa franga, iulize ni za nini. Bei ya pochi na vipimo ni jambo moja, damu yenyewe ni lingine.

Anayetoa awe na miaka 18 kwenda juu, kilo 50, na asiwe mgonjwa. Wanachukua karibu nusu litre, katika litre 5 hivi za mtu mzima. Maji ya damu yanarudi kwa siku moja ao mbili, wekundu wake kwa wiki kadhaa. Siku hiyo usishuke shimoni; kunywa maji, ule, ulale. Mwanaume anaweza kurudia kisha miezi 3, mwanamke kisha miezi 4.