Saluki katika Hema la Mabedui

Miongoni mwa watu wapendao mbwa ulimwenguni, wako wavutiwao na ukubwa wa umbo, wako watakao ulinzi wa nyumba, na wako ambao shauku yao yote ni kumiliki kile ambacho jirani hanacho. Walakini ukienda kwa Mabedui wa Bara Arabu, au kwa makabila ya Kiarabu yakaayo pembezoni mwa jangwa la Shamu na Iraki, ukawasifia mbwa wao, watakusahihisha kwa adabu kwamba huyo alalaye ndani ya hema si mbwa hata kidogo. Saluki, kwa itikadi yao, ni kiumbe mbali na mbwa koko wazungukao kambi wakibweka usiku kucha. Humhesabu kuwa huru, mwenye asili isiyochanganyika, katika safu moja na farasi wa nasaba na kipanga wa kuwindia, na mtu amwitaye kwa jina la hao wengine huonekana kuwa amemvunjia heshima mwenye hema.

Ni mnyama mrefu, mwembamba, ambaye kimo cha dume mabegani hufika baina ya sentimita 58 na 71, na jike humpungua kidogo. Kifua chake kimeshuka, tumbo limepanda juu, kichwa ni kirefu na chembamba, na macho ni makubwa yaonayo mbali, kwa kuwa msasi huyu huwinda kwa jicho wala si kwa pua. Wako wenye nywele fupi mwili mzima, na wako wenye nywele ndefu laini zining'iniazo masikioni, mkiani na nyuma ya miguu. Mgeni asiyejua huziona mbavu na mifupa ya nyonga, akadhani ameshindishwa na njaa, akamhurumia bure. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na mafuta mwilini mwake ni machache hata matabibu wa wanyama hujihadhari wampapo baadhi ya dawa za usingizi. Aweza kupita mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Lakini hiyo siyo sifa yake kubwa, maana mbwa wa mbio wa Kiingereza humtangulia katika uwanja mfupi uliosawazishwa. Sifa yake ni pumzi. Katika mchanga na mawe, kilomita baada ya kilomita, yule mwingine akiwa amekwisha kusimama ulimi nje, saluki angali anakimbia.

Msomaji wa mwambao, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, huenda akakunja uso asikiapo habari za mbwa kulala juu ya busati la watu wasalio sala tano. Amefundishwa tangu chuoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Na amesikia pia kuwa mwenye kufuga mbwa pasina haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Yote hayo ni kweli, illa ni lazima litazamwe vema hilo neno haja. Hadithi zenyewe zimemtoa katika katazo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Na Sura ya Al-Maida, katika aya yake ya 4, imehalalisha nyama ya mnyama aliyekamatwa na viumbe waliofunzwa kuwinda. Mafakihi wakaiweka wazi hukumu hiyo kwa masharti yake: mbwa awe amefundishwa, atumwapo aende, azuiwapo azuilike, na akishika asile, na bwana wake ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kumwachia kamba. Yakitimia hayo, swala akifia kinywani mwa mbwa kabla ya kisu kuwahi, nyama yake ni halali. Akikutwa angali ana roho, atachinjwa. Na mbwa akila, basi amejikamatia nafsi yake, wala bwana wake hana fungu. Aidha wafuasi wa Imamu Malik hawamhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Kwa hiyo Mbedui anyooshapo mkono kumpapasa saluki wake, hafikiri kwamba amejiibia ruhusa; amepita mlangoni, na mlango wenyewe ulifunguliwa na wanazuoni. Hata kwetu Unguja, wasasi wa mashamba, ambao ni Waislamu kama majirani zao, wamekuwa wakiwafukuza nguruwe mwitu kwa makundi ya mbwa ili kuokoa mihogo, na hakuna aliyewatoa katika jamaa ya msikiti.

Rai yangu ni kwamba taadhima yote apewayo saluki imejengwa juu ya jambo hilo moja: kwamba alilisha watu. Mtu aliyekaa safari ya siku nyingi kutoka soko lolote, ambaye ngamia wake ni mali asiyoweza kumchinja ovyo, alipata nyama ya sungura au ya swala kwa miguu ya mnyama huyu, na watoto wake wakashiba. Ndiyo maana wakati wa baridi saluki huletwa karibu na moto na kufunikwa nguo, na aghalabu ni wanawake wamleao, wakiwapa watoto wake maziwa ya ngamia na tende, na kuwaacha wacheze na wana wa nyumba mpaka wazoee sauti za binadamu. Nyayo zake hupakwa hina ili ngozi iwe ngumu, nasi tumezoea kuiona hina mikononi na miguuni mwa bibi harusi. Kambi ihamapo, na mchanga ukiwa umewaka jua, hupandishwa juu ya ngamia pamoja na bwana wake, asije akafika mawindoni miguu imekwisha kuungua. Kumuuza ilikuwa ni aibu. Alitolewa kwa hidaya, baina ya watu wenye kustahiana, na aliyempokea alijua kwamba amepewa zaidi ya mnyama.

Nasaba yake haikuandikwa katika daftari lolote, bali ilikaa vichwani mwa watu, na mlinzi wake alikuwa ni bidii ya kumsitiri jike asikaribiwe na mbwa koko katika siku zake. Wateuzi wa watoto walikuwa na vipimo vyao: waliweka vidole baina ya mifupa miwili ya nyonga, wakiutafuta upana ambao ndio alama ya nguvu za kukimbia, waliuvuta mkia kati ya miguu ya nyuma na kuupandisha juu, waone kama wafika kwenye mfupa wa nyonga, kisha wakatazama kina cha kifua na ukubwa wa nyayo. Mtoto alianza kujifunza kwa kumfukuza yule panya wa jangwani arukaye kwa miguu miwili, ambaye hugeuka ghafla na kumfundisha mkimbiaji wake kwamba njia iliyonyooka haimfikishi popote. Baadaye hupelekwa kwa sungura, akifuatana na saluki mzima aliyekwisha kubobea.

Kilele cha usasi huo kilikuwa ni pale saluki alipotumwa pamoja na kipanga. Swala wa jangwani ana mbio na ana tahadhari, na mbwa peke yake, akiachiwa kutoka mbali, aweza kuchoka bure. Basi ndege hurushwa kwanza. Akapanda, akamwona swala, akamshukia kichwani mara hii na mara ile, hata mnyama akababaika na kupunguza mwendo. Naye saluki, ambaye tangu utoto amezoezwa kumtambua ndege huyo kuwa ni mwenzake, hutazama juu kujua pa kuelekea, akafika, akashika. Nyuma yao hupiga mbio farasi au ngamia wa mwenyewe, kisu mkononi, ili apate kuchinja ingali roho imo. Watu wasiopenda mawindo wataona ukatili katika habari hii, wala siwalaumu. Lakini ni vigumu kukana kwamba palikuwa na elimu kubwa katika kuwapatanisha ndege na mbwa, viumbe wawili ambao maumbile hayakuwakusudia kuwa marafiki.

Washairi wa zama za Bani Abbasi waliufanya usasi huo kuwa fani kamili ya utungo, na Abu Nuwas, ambaye watu humkumbuka zaidi kwa mambo ya mvinyo, ana kaswida nyingi za kuwasifu mbwa wa mawindo. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuonyesha ubora wa mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo. Na mwenye kuishi na watu kwa muda hatauona ubishi wake kuwa ni wa mzaha mtupu. Lakini anayenivutia mimi ni baba yake Usama ibn Munqidh, mwungwana wa ngome ya Shaizar huko Shamu katika karne ya 12, ambaye mwanawe ameeleza jinsi alivyougawa umri wake baina ya kunakili Kurani kwa mkono wake na kuwinda kwa vipanga na mbwa, pasi na kuona kwamba jambo moja lalitia doa jingine.

Ulaya ilimpokea saluki kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1895 Florence Amherst, binti wa nyumba tukufu ya Kiingereza, alipata watoto wawili waliotoka kwa Waarabu wa Misri ya chini, akawazalisha na kuwatangaza kwa miaka mingi. Mwaka 1923 chama cha mbwa cha Uingereza kikamtambua saluki rasmi, na Marekani ikafuata miaka michache baadaye. Tangu hapo nasaba ikaandikwa karatasini, na umbo likahukumiwa uwanjani mbele ya majaji. Si haki kuwadharau watu hao, maana wamemtunza mnyama kwa mapenzi na gharama. Ila wamehifadhi sura ya kiumbe ambaye sura yake ilitokana na kazi, na kazi hiyo hawakuwa nayo.

Nako jangwani kazi ilikuwa ikitoweka. Zilipokuja bunduki za kisasa na magari yawezayo kupita mchangani, watu waliweza kuua kwa siku moja swala wengi kuliko waliouawa na mbwa wa ukoo mzima kwa mwaka, na mwenye gari hakuwa na haja ya kulea saluki. Katika Oman, choroa mweupe wa mwisho wa mwituni alitoweka katika uwanda wa Jiddat al-Harasis mwaka 1972, akarudishwa huko mwaka 1982 kutokana na wale waliozalishwa kifungoni. Serikali zikatunga sheria za kuwalinda wanyama, kama walivyofanya Falme za Kiarabu mwaka 1983, na sheria hizo zilihitajiwa. Walakini zilimkuta saluki amekwisha kupoteza mawindo yake kwa makosa yasiyokuwa yake.

Sasa katika Abu Dhabi na miji mingine ya Ghuba kuna vituo vya kumzalisha na kumtibu, kuna mashindano ya uzuri, na kuna mbio ambazo washindi wake hupewa zawadi kubwa, hata ile aibu ya kuuza haisikiki tena sana. Katika mbio hizo ngozi au mzoga wa swala hutundikwa kwenye gari litangulialo, na mbwa huukimbilia kwa kilomita 2 au zaidi, wenye mbwa wakiwafuata kando kwa magari yao, wakipiga kelele za kuwahimiza. Ni tamasha la kupendeza, na bila yake huenda mbegu hiyo ingalikuwa imepungua mno. Hata hivyo gari hukimbia njia iliyonyooka, na lile somo la panya wa jangwani, la kukisia mnyama atapindia wapi na kumkatia njia, halina nafasi humo. Basi waliobaki na saluki kamili ni wale wakulima na wachungaji wa Iraki ya kaskazini na Shamu, Waarabu na Wakurdi, ambao mavuno yakiisha huingia mashambani asubuhi, mbwa wawili au watatu kwa kamba moja, kumtafuta sungura.