Kigawo na Kigawe

Katika masomo ya hesabu ya shule za msingi za Tanzania yamo maneno mawili yanayotenganishwa na irabu moja tu: kigawo na kigawe. Mwanafunzi wa Kinondoni au wa Temeke hukutana nayo katika majina marefu, Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, ambayo kwa ufupi huandikwa KKS na KDS. Akiikosea irabu hiyo hukosa jibu zima, ijapokuwa kugawanya anakujua barabara.

Namba inayoigawanya nyingine pasipo baki ni kigawo chake; ile iliyogawanywa ni kigawe. Basi 4 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 4. Uhusiano ni mmoja, uliotazamwa kutoka pande mbili, na lugha yenyewe imeuonyesha mwishoni mwa neno. Kiishio -o mara nyingi hutaja chombo: kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia, kipimo ni cha kupimia. Kiishio -e humtaja aliyetendwa: mteule ameteuliwa, mtume ametumwa, kiumbe ameumbwa, na mshinde, neno lisilosikika sana siku hizi, ni aliyeshindwa, kinyume cha mshindi. Kwa hiyo kigawo ndicho kigawacho, na kigawe ndicho kilichogawanywa. Taabu ni kwamba kiishio hiki cha pili hakizai tena maneno kwa wingi. Mtoto wa Tandika alijua neno mtume tangu utotoni, lakini hakuna aliyemwonyesha kitenzi tuma kilichomo ndani yake. Mwalimu asipolieleza jambo hilo, humwachia majina mawili ya kukariri tu.

Mfano mwema umo katika hesabu za biashara za pwani. Korija ni vitu 20. Ndiyo iliyohesabiwa boriti za mikoko zilizotoka delta ya Rufiji kwa majahazi kwenda Arabuni. Dazeni ni 12, nayo ingali hai madukani. Tuseme mchuuzi wa Mbagala anunua vikombe kwa dazeni na sahani kwa korija, naye ataka idadi zilingane pasipo kuvunja fungu. Dazeni humpa 12, 24, 36, 48, 60. Korija humpa 20, 40, 60. Zakutana penye 60, yaani dazeni tano na korija tatu. Hiyo ndiyo KDS. Zitakutana tena penye 120 na 180, wala hapana mwisho. Ndiyo sababu hutafutwa kigawe kidogo, kwa kuwa kikubwa kabisa hakipo.

Sasa na aigawe dazeni moja na korija moja katika mafungu yaliyo sawa, mengi kadiri iwezekanavyo. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vya 20 ni 1, 2, 4, 5, 10 na 20. Kikubwa kilicho katika orodha zote mbili ni 4: mafungu manne, kila moja vikombe 3 na sahani 5. Hapo mtoto hushangaa, maana “kikubwa” ni 4 na “kidogo” ni 60. Sifa hizo zahusu wenzao tu: kigawo hakiwezi kuipita namba yake, na kigawe, sifuri ikiachwa, hakiwezi kupungua kuliko namba yake. Tena 4 mara 60 ni 240, sawasawa na 12 mara 20.

Limebaki neno shirika. Kwa mtoto wa mjini leo shirika ni la umeme au la reli, na kigawo cha shirika chaweza kumwelekea kuwa mali ya ofisi fulani. Hata hivyo neno halifai kutupwa, kwani asili yake ni kushiriki: 12 na 20 zashiriki 4, kama ndugu wawili washirikivyo shamba lisilogawanywa bado.